Aksanti Hakuuliza Mama Yuko Wapi

Kalengera, tarehe 7 Oktoba 2025

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia, pembeni ya barabara. Gari la Chabani limepasua tairi hapa Kalengera na vijana wanahangaika nalo. Kuna mutu wa pikipiki anashuka Goma. Nitampa barua hii aifikishe kwa Mama Kadidja, mke wa Chabani. Kwa kuwa nyumba zenu zinagusana, hatakosa kukuletea.

Papa, mutoto wangu Aksanti ameamka? Tangu tutoke Goma sijui kitu. Rezo ya simu hakuna hapa, na kule Vitshumbi, ziwani ninakofanya kazi, haipo kabisa siku hizi. Nilimuacha pale waliposukuma kitanda chake kwenda kwa chumba cha operesheni. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa mazito na dawa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Wewe uliniona, najua, na hukusema kitu.

Ni vile tumezoea. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa anasema ukitaka kusafiri, ngoja mutoto asinzie, usimuonyeshe mgongo wako. Na doktere alisema asilie sana, koo itatoka damu. Shefu wa kooperative alinipa ruhusa fupi, samaki hawangoji, na Chabani naye hangoji mutu. Ningefanya nini?

Niambie kama aliniuliza. Niambie ukweli.

Mtoto wako,
Bibiche


Keshero, Goma, tarehe 11 Oktoba 2025

Binti yangu Bibiche,

Barua yako imenifikia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliyatoa mafindofindo yote mawili, nami niliyaona katika kibakuli. Yalikuwa makubwa kuliko nilivyotazamia, na sasa naelewa kwa nini mtoto alikuwa akikoroma kama msumeno wa fundi seremala. Hospitalini tulikaa mpaka kesho yake, kisha tukarudi nyumbani. Hakoromi tena. Analala mdomo umefungwa, na nyumba ni kimya.

Umeuliza kama alikuulizia. Hakuuliza. Ni mtulivu na hasemi ovyo.

Daktari alinieleza mambo mengi kuhusu tabia za watoto baada ya upasuaji wa namna hii. Alisema wengine hushtuka usingizini, wengine hukojoa kitandani ingawa waliacha zamani, wengine hushikamana na mtu mmoja au hukasirika bila sababu, na kwamba mambo hayo hupita yenyewe baada ya wiki chache, mradi mtoto asiadhibiwe. Nilimsikiliza kwa heshima. Ni kijana msomi. Lakini mimi nimeongoza shule ya msingi maisha yangu yote, na sijaona tabia iliyoshinda utaratibu.

Usiwe na wasiwasi. Fanya kazi yako.

Tena, andika "mtoto" na "mtu". Mama yako na mimi tulikupeleka shule.

Baba yako,
Ézéchiel Mirindi


Vitshumbi, tarehe 17 Oktoba 2025

Papa,

Nashukuru kwa habari. Nashukuru kwa kulala naye hospitalini. Najua hupendi harufu ya mahali pale tangu Mama alipougua.

Umeandika kwamba hakuuliza. Nimelisoma neno hilo asubuhi kabla ya kazi, na tena wakati wa kupima samaki, mpaka mutu mmoja akanipigia kelele: "Mama wa mizani, unapima samaki wangu au unapima mawazo yako?" Watu walicheka. Nilicheka pia.

Sikulaumu. Nafikiri tu. Luc, baba wa Aksanti, alipokwenda Kolwezi na kunyamaza, nilisema nitafanya kazi hapa kidogo, nitafute chumba kizuri, halafu nimchukue mtoto wangu. (Umeona, nimeandika vizuri.) Hiyo "kidogo" imekuwa miaka. Sasa shefu ananipa kontra mpya, ya muda mrefu, na anataka nitie sahihi kabla mwezi huu kwisha. Masharti ni kwamba nilale hapa hapa kwenye depo ya samaki, pamoja na wanawake wengine wawili. Mahali pa mtoto hapana.

Nilikuwa nataka kukataa. Lakini kama amefanyiwa operesheni, ameamka bila mimi, na hakuuliza mama yuko wapi, basi mama yake ni wewe. Nitakuwa mgeni anayekuja Noeli na samaki wa kukaushwa. Kuna wanawake wengi wanaoishi hivyo.

Kama unaona nakosea, niambie. Kama hujibu, nitatia sahihi.

Bibiche


Keshero, tarehe 22 Oktoba 2025

Mama Aksanti,

Salam kwako. Usishangae kuona mwandiko wangu, najua ni mbaya, nilitoka shule mapema kwa kuwa niliolewa mapema, na sijajuta lile la pili.

Chabani ameniambia unataka kutia sahihi kwa sababu ati mutoto ametulia, haulizi kitu. Nilicheka. Halafu niliacha kucheka, kwa maana niliona kumbe hujui.

Aksanti hajatulia. Aksanti ameshikamana na koti la Papa Direkteri kama kifungo. Akienda bustanini, yuko. Akienda misa, yuko. Papa akiingia chooni, mutoto anasimama inje na kushika mlango, na muzee anaongea naye kutoka ndani: "Niko hapa, Aksanti. Bado niko hapa." Watoto wa mtaa wamemupa jina, Mukia wa Direkteri. Nimewafukuza na ufagio.

Kitanda analowesha karibu kila siku. Kula anakula kidogo sana. Sauti yake imekuwa nyembamba, inatoka puani, na anaitumia kwa shida. Lakini kitu kinachonishangaza ni maziwa. Akiona kikombe cha maziwa, anaangalia mlango, halafu anakitupa. Kikombe kimoja kilivunjika kwa ukuta. Siku ile Papa alimsimamisha uso ukutani, kama shuleni. Alisimama mpaka akajikojolea. Nilienda kusaidia kufuta, muzee akasema: "Asante mama, mikono ninayo." Akapiga magoti, akafuta mwenyewe. Tangu siku ile hajamusimamisha tena.

Nilimwambia nikiwa upande wangu wa ukuta: "Papa Direkteri, huyu mutoto anataka mugongo. Mubebe."

Akasema: "Mama Kadidja, huyu ni mwanafunzi wa darasa la pili."

Nikasema: "Kwani darasa la pili wanakatazwa mugongo?"

Aliingia ndani. Lakini juzi asubuhi nilitoka kuanika nguo, nikamuona ndani ya uwanja wake. Amemufunga Aksanti mugongoni na kitenge cha marehemu mama yako, Mama Mapendo. Ile fundo, mungu wangu! Imepita bega moja tu kama mukoba wa posta, mutoto karibu anaanguka, na muzee anatembea kutoka mlango mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, ameinama. Wanaume wetu hawafungi kitenge, unajua. Mwanaume anabeba mutoto kwa mkono au kwa bega, kitenge ni cha mama. Aliponisikia aligeuza mugongo kwa ukuta wa nyumba yake, ili nisione. Basi nilijifanya nina kitu ndani ya jicho, nikarudi nyumbani.

Fanya unalotaka na kontra yako. Mimi nimesema. Usimwambie ni mimi.

Kadidja


Vitshumbi, tarehe 26 Oktoba 2025

Papa,

Naandika kwa heshima, lakini nimekasirika, na ukitaka kusahihisha barua hii, isahihishe mpaka mwisho.

Nimesikia habari za Aksanti kwa watu. Kitanda, koti, ukuta. Nilikuomba ukweli. Uliniandikia "mtulivu". Kwa nini, Papa? Kwa nini niwe mutu wa mwisho kujua mutoto wangu amekuwaje?

Na sasa mimi pia nitasema kitu ambacho sikukuandikia. Ni habari ya maziwa.

Pale hospitalini, kabla hawajasukuma kitanda, alinishika kidole. Aliniuliza: "Mama, unaenda?" Sikuweza kumwambia ndiyo. Nilisema: "Nakwenda kukununulia maziwa ya baridi, yale unapenda. Ukiamka utanikuta nayo." Akasema: "Usikawie." Akaniachia kidole.

Ni hayo tu. Hakuuliza mama yuko wapi kwa sababu anajua mama yuko wapi. Mama yuko dukani. Kila ukimletea kikombe, unamwonyesha kwamba maziwa yamefika bila mimi.

Niliandika barua ya kwanza nikaficha jambo hilo, kwa maana niliona haya. Ulikuwa ukitufundisha kwamba uongo wa mtu mzima kwa mtoto ni wizi.

Sijatia sahihi. Shefu amenipa siku chache za mwezi ujao, hakufurahi. Niambie nifanye nini. Safari hii niambie kweli.

Bibiche


Keshero, tarehe 31 Oktoba 2025

Binti yangu,

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa.

Sitakuuliza ni nani aliyekupa habari. Ukuta wa Mama Kadidja ni mfupi, nami namshukuru Mungu kwa ufupi wake. Makosa ya uandishi katika barua yako nimeyaona na nimeyaacha.

Nilipomaliza kusoma, nilimwita Aksanti. Hakuwa mbali, alikuwa ameshika koti. Nilimketisha mbele yangu, nikamwambia: "Mama yako hakwenda kununua maziwa."

Alilikamata koti langu kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti ile mpya ambayo bado sijaizoea: "Alienda wapi?"

"Alirudi Vitshumbi, kazini kwake. Aliondoka siku ile ile, wewe ukiwa usingizini."

"Wewe ulijua, Koko?"

"Habari ya maziwa sikuijua. Kwamba ameondoka, nilijua. Nilimwona akitoka."

"Kwa nini hukumushika?"

Niliwahi kuulizwa maswali na wakaguzi wa shule, na sikukosa jibu. Kwa swali hili nilinyoosha mkono tu. Aliushika mkono wangu nikadhani anataka faraja, naye akauma. Aliuma kwa nguvu ya mtu aliyengoja muda mrefu. Nilimwacha aume. Kisha akalia, si kilio cha adabu, kilio cha kufungua mdomo wote, mpaka Mama Kadidja akapanda juu ya ndoo kuchungulia. Niliogopa damu. Damu haikutoka, koo limepona. Alipochoka kulia aliomba uji, akaumaliza, akaomba tena.

Daktari yule kijana alisema kweli kuhusu mambo mengi. Lililobaki hakuambiwa na mtu, na hakuwa na njia ya kulijua.

Sasa nijibu swali lako. Umeuliza kwa nini nilikuficha. Tangu mama yako afe, nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja anayesema ndani yake. Aksanti alipoletwa kwangu nilipata tena mtu wa kumkemea. Unaweza kucheka, lakini mzee asiye na wa kumkemea anaanza kukemea viti. Nilijua ukisikia hali yake utakuja kumchukua. Kwa hiyo nilikuandikia barua ambayo kila sentensi yake ilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Nilipopata ile yako ya kontra, nilinyamaza. Ulikuwa umesema kwamba nisipojibu utatia sahihi. Nilikuwa nimeamua kutojibu. Nataka ulijue hilo pia.

Njoo umchukue. Hapo zamani nilisema Vitshumbi si mahali pa mtoto, kwamba viboko wanatembea kati ya nyumba na shule yao haina madirisha. Viboko wana njia zao na watu wa huko wanazijua. Dirisha si mwalimu. Tafuta chumba, hata kibaya, na umwambie shefu wako kwamba utafanya kazi ukiwa na mtoto au hutafanya. Wanawake wanaojua mizani na hawaibi ni wachache, atakubali.

Nina sharti moja. Siku mtakayoondoka hapa, Aksanti awe macho, aage na aagwe mbele ya macho yake. Akitaka kulia, alie. Katika familia hii tusitoroke tena.

Baba yako,
Ézéchiel Mirindi


Vitshumbi, tarehe 23 Novemba 2025

Papa,

Tulifika salama. Chumba ni kidogo lakini kina mlango unaofungika, na kiko karibu na shule. Shefu alikubali, kama ulivyosema. Alinung'unika kwanza, akasema: "Huyu mutoto wako asiguse mizani yangu." Siku ya pili nilimkuta amempandisha juu ya mizani mwenyewe, anamwambia ana uzito wa samaki wanne wabaya. Aksanti alimjibu: "Na wewe, shefu, una uzito wa kiboko." Nilitaka kujificha. Watu wote wa depo wanarudia maneno hayo mpaka leo.

Analala. Kitanda kililowa siku za kwanza tu. Asubuhi nikienda kazini namwambia nakwenda wapi, na yeye ananiuliza: "Kweli?" Nasema: "Kweli." Halafu ananifuata kidogo kuhakikisha, kisha anarudi.

Papa, ulikuwa wapi?

Zile siku zote nilizokaa Keshero ulikuwa mwema kwetu. Ulimshonea daftari, ukampigia pasi sare. Asubuhi ya safari ulituambia unatangulia misa, na kwamba tutakutana kwenye maegesho. Tulifika na mizigo, hukuwako. Aksanti alipanda gari, akamwambia Chabani: "Ngoja, Koko anakuja. Yeye hakawiaki." Chabani akangoja. Akapiga honi. Wanawake wanaouza kabichi walianza kumcheka: "Chabani, leo umepata shefu mpya!" Alingoja mpaka polisi wa barabara akaja kugonga mlango. Aksanti alikuwa amesimama juu ya kiti, ametoa kichwa inje, anaangalia upande wa kanisa.

Hakulia. Ningependa angelia.

Leo, tunachambua maharagwe, ameniuliza: "Koko naye alitoroka?" Sitaki kumdanganya tena, na sitaki kusema neno baya juu yako. Nimemwambia utamjibu mwenyewe. Anajua kusoma. Ni wewe uliyemfundisha.

Bibiche


Keshero, tarehe 28 Novemba 2025

Mjukuu wangu Aksanti,

Barua hii ni yako, si ya mama yako. Isome polepole. Neno likikushinda, lipite, kisha ulirudie.

Umeuliza kama nilitoroka. Ndiyo. Nilitoroka.

Sikwenda misa. Nilifika kwenye maegesho kabla yenu, nikasimama nyuma ya magunia ya makaa, mahali ambapo ningewaona nanyi msingeniona. Nilikuona ukipanda. Nilikuona ukisimama juu ya kiti, jambo ambalo nimekukataza mara nyingi. Nilisikia honi, na nilijua ni mimi ninayeitwa. Mwenye makaa aliniambia: "Muzee, si wewe wanayekungoja?" Nikamwambia hapana.

Miguu yangu haikutaka kutoka. Katika maegesho yale kuna watu wengi niliowafundisha, na niliowafundisha baba zao, na hakuna hata mmoja aliyepata kuniona nikilia. Niliona nikikukaribia watu hao wote wataniona. Hiyo ndiyo sababu. Sikwambii ili unisamehe. Nakwambia kwa sababu uliuliza.

Mama yako alipoondoka hospitalini, hakutaka wewe ulie. Mimi sikutaka mimi nilie. Kwa hiyo usimkasirikie tena mama yako kuliko mimi. Ukiwa na hasira, mimi ndiye mwenye sehemu kubwa. Una ruhusa ya kukasirika, na una ruhusa ya kutonijibu.

Habari za hapa si nyingi. Nyumba ni safi mno. Juzi nilikemea kwa sauti mtu aliyeacha mlango wazi, nikangoja ajitetee, kisha nikakumbuka kwamba ni mimi niliyeuacha. Mama Kadidja anakusalimu na anasema watoto wa mtaa hawana tena wa kumwimba. Nikiwa chooni bado nasema "Niko hapa". Imekuwa mazoea.

Nitakuja Vitshumbi. Sitakutajia siku, kwa sababu siijui, na siku nisiyoijua sitakupa. Nikiijua nitakuandikia, na nikikuandikia nitakuja. Nikifika, nitakaa, na siku ya kuondoka nitakuamsha kama umelala.

Chabani anarudi huko kesho asubuhi. Barua hii nitampelekea mwenyewe kwenye maegesho, nimpe mkononi. Kisha sitaondoka. Nitasimama mbele, pale kwa wanawake wa kabichi, watu wote wakiniona, nami nitaupunga mkono mpaka gari lipinde kona, ingawa wewe hutakuwamo.

Kwaheri, Aksanti.

Koko wako,
Ézéchiel Mirindi